Nani Anaizima Feni Yangu?

Jumamosi, 16 Mei 1970

Mvua tangu alfajiri. Mtaa mzima umerowa, kamba za nguo ziko tupu, na mimi nacheka peke yangu. Gari-nyumba! Lile gari lenye kitanda na sinki ndani, aliloniachia yule mzungu mpima barabara alipomaliza mkataba wake. Lina joko la kupashia joto. Watu walinicheka sana, nani wa kuota moto Unguja? Leo nimetundika kanzu mbichi ndani, nikafungua gesi, feni ikavuma, na kabla ya adhuhuri zimekauka kau! Wacheke sasa.

Nimeshapatana na Bi Mwanakheir wa Uroa. Alhamisi wana maulidi, na wasomaji wake wote watavaa kanzu nyeupe. Nitazifua, nitazikausha, nitazipeleka. Mke wangu Biasha hakufurahi. Amesema hii ndiyo biashara yangu ya mwisho. Kanzu za watu zikiharibika, gari linakwenda kwa kaka yake Mkadam afugie kuku, nami nirudi Malindi kupakua magunia bandarini. Kuku! Juu ya kitanda changu!

Anayenitia wasiwasi ni Bakar, dobi wa nyumba ya mkabala. Leo kalizunguka gari, kasema ni zuri mno. Hakusema mashallah. Nilisikiliza kwa makini, hakusema.

Jioni nikaenda kwa mganga, Mzee Usi, nikachukua hirizi. Nimeiweka mahali hasa. Chini ya kitanda kuna betri inayolisha feni na taa. Nimelegeza kibanio cha waya, nikaipachika hirizi katikati, baina ya waya na kichwa cha betri, ili umeme wote upitie kwenye hirizi kwanza. Nikakaza. Husuda ipite wapi?

Jumapili, 17 Mei

Feni imekufa! Taa nazo zimekufa, na bila feni joko haliwaki. Siku moja tu baada ya Bakar kulisifu gari!

Nimetoa fyuzi, nikaitazama kwenye mwanga. Nzima. Hapo ndipo nilipojua nashindana na mtu mjanja. Swichi nimeibonyeza mpaka kidole kinauma. Waya nimeufuata kwa mkono, sikuona palipokatika. Betri sikuigusa, kwa sababu kule kuna hirizi, kuko salama.

Mkadam kaja na kamba, anapima upana wa mlango wa gari. Nikamuuliza anapima nini. Kasema anapima tu.

Jumanne, 19 Mei

Jana jioni nilimwaga unga kwenye ngazi ya gari. Asubuhi, nyayo! Mguu mpana, kidole gumba kimechepuka nje. Nimezunguka mtaa mzima nikitazama miguu ya watu. Bakar ana mguu mwembamba. Mkadam havui viatu. Biasha akaniambia nijaribu kuweka wa kwangu. Ukaingia sawasawa.

Kwa hiyo mhalifu ana mguu kama wangu, anajua hivyo, na anataka nijishuku mwenyewe. Nimekataa. Biasha ananuna kwa sababu ya unga.

Jumatano, 20 Mei

Kanzu za Uroa zimefika, nimeshazifua. Mvua haikatiki. Nimezitundika ndani ya gari na zinadondoka maji tu, tena harufu imeanza kugeuka. Naiona Malindi, naliona gunia begani.

Bakar kaleta salamu kwamba ana pasi ya mkaa na nafasi ukumbini, tusaidiane. Halafu kaongeza kuwa gari zuri, mashallah. Leo ndipo kaikumbuka! Anaficha ushahidi. Nimemjibu kuwa sina shida yoyote.

Nimerudi kwa Mzee Usi, kanipa hirizi nyingine, nene zaidi. Kauliza ile ya kwanza nimeitundika wapi. Nikamwambia ni siri. Kasema hirizi ya chombo hutundikwa mlangoni, basi. Wazee wetu hawana ujuzi wa umeme, nimemsamehe.

Alhamisi, 21 Mei

Siku ya leo! Tumefika Uroa na gari letu, kanzu bado mbichi. Bakar kaja pia na pasi yake, kaitwa na Biasha bila mimi kushauriwa.

Bi Mwanakheir kaminya kanzu moja, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni. Akaniuliza mbele ya watu: “Jecha mwanangu, wasomaji wangu wavae nini? Kanga za wake zao?” Niliona haya mpaka koo likakauka. Kitu pekee kilichokauka leo.

Bakar akauliza betri iko wapi. Nikasimama mbele ya kitanda nikinyoosha mikono. Biasha akaniondoa. Bakar akainua godoro, akachomoa hirizi yangu, akaipangusa, akampa Biasha kwa adabu, akakaza waya. Feni ikavuma!

Kufika magharibi kanzu zote kavu, na Bakar kapiga pasi mpaka ya mwisho. Baada ya isha wasomaji walikaa safu moja, weupe, wakayumba pamoja. Nililia kidogo. Bi Mwanakheir kaniombea dua. Biasha kasema haya, gari libaki, ila nimshukuru Bakar.

Ijumaa, 22 Mei

Sijamshukuru. Kwanza nimefikiri.

Alijuaje pa kushika? Moja kwa moja chini ya godoro! Mtu asiye na hatia angehangaika kwanza na fyuzi na swichi, kama mimi. Na kwa nini aliitoa hirizi? Kwa sababu ilimzidi nguvu! Bila hirizi ile kanzu zisingefika Uroa hata hizo mbichi.

Basi Bakar alipokwenda kusali Ijumaa, nikaingia kazini. Sasa ziko mbili, ile ya kwanza kwenye kichwa kimoja cha betri na ile nene kwenye cha pili. Nimekaza kwa koleo mpaka nimetoka jasho. Kisha nikawasha feni.

Kimya.

Na yeye yuko msikitini! Ana mkono mrefu kuliko nilivyodhani. Mkadam kapita sasa hivi na jogoo kwapani, kaniuliza vipi feni. Nimemwambia inapumzika. Nimekwenda jikoni kumwomba Biasha unga.