Ombi la Kukatiwa Maji na Kurudishiwa Foleni ya Ndoo, Mtaa wa Mawe Mawili

Kijiwe cha Bomba,
Mtaa wa Mawe Mawili,
Mwanza.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Bwana Osward,

YAH: KUKATIWA MAJI MAPEMA IWEZEKANAVYO

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mama watoto na wale kuku wako wa kisasa. Sisi huku mlimani miili haijambo, ila mioyo imenyauka, na aliyeinyausha ni wewe. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa mtu aliyekupigia kura kila uchaguzi huku akijua fika kwamba hutafanya lolote.

Na nianzie hapo hapo. Kila uchaguzi ulikuja, ukapanda juu ya lile jiwe la chini, ukatuahidi bomba kila nyumba. Sisi tukapiga makofi, tukala pilau lako, tukarudi kijiweni kukusema. Huo ndio ulikuwa utaratibu kati yako na sisi, na haukuwa na mgogoro. Safari hii umeahidi, halafu ukatekeleza, tena bila hata kutuonya! Mwenyekiti, mtu akikuambia "karibu chakula" huku anamalizia tonge la mwisho, wote wawili mnajua maana yake. Hakimbilii jikoni kusonga ugali mwingine. Wewe umekimbilia jikoni.

Kwa kuwa ulizoea kupita pale na pikipiki bila kusimama, nikukumbushe mambo yalivyokuwa. Bomba la mtaa liko chini kando ya barabara, nyumba zetu ziko juu kwenye mawe. Maji yalikuwa yakitoka kwa kubembelezwa. Ndoo moja ilijaa wakati watu wameshamaliza habari za Dodoma na kuanza za Ulaya. Basi wake zetu walishusha ndoo alfajiri na kuzipanga, kila ndoo na alama yake. Mke wangu Teodora alifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, mwingine aliweka jiwe ndani, na kadhalika. Kisha wao wakaenda kwenye shughuli zao, na sisi waume tukabaki kulinda foleni, asije mjanja akachomeka ndoo yake mbele. Ndoo ikijaa tulipaza sauti kuelekea mlimani, na mwenye ndoo alishuka akaibeba. Hiyo ndiyo kazi tuliyogawana, nasi tuliifanya kwa uadilifu. Mimi nimelinda foleni ile mvuani, nimeilinda juani, nimeilinda nikiwa na malaria.

Sasa, mlinzi hawezi kukaa kama gogo. Tulitengeneza benchi kwa ubao wa mtumbwi uliotupwa ufukweni, muuza kahawa akatuona, kijiwe kikazaliwa. Mimi nilikaa ncha ya huku na Mwalimu Gosbert ncha ya kule, maana tukikaribiana hatusikilizani. Huyu Gosbert unamjua, yule Mhaya mstaafu aliyekuwa akifundisha jiografia. Mimi nikisema neno, yeye anajibu, "Waitu, mzee Jonathan, hapo hujui kitu." Nami namwambia mtu aliyelelewa chini ya migomba atajuaje mambo ya nchi kavu. Tulijadili bei ya sangara, gugumaji, Simba na Yanga, na vita vya ng'ambo. Vita vile tulivimaliza zaidi ya mara moja, basi tu wale waliokuwa wakipigana hawakupata taarifa.

Baada ya utangulizi huo mfupi, naomba sasa niweke malalamiko yetu kwa namba, ili usije ukasema hukuelewa.

1. Umetuondolea sababu ya kutoka nyumbani. Siku ya kwanza baada ya fundi kufunga koki uani kwetu, niliamka, nikavaa koti langu la kijiweni, nikaaga kwamba naenda kulinda foleni. Teodora akaniuliza, foleni ya nini? Mwenyekiti, mimi nimekuwa karani wa kinu cha pamba mpaka nikastaafu, nimekaguliwa na wakubwa kutoka makao makuu, na sikuwahi kukosa jibu. Nikavua koti, nikakaa. Na mtu akikaa nyumbani kwake mchana ndipo anagundua kwamba nyumba ina kazi! Nimechambua maharage. Nimechambua mchele. Juzi nimepewa pazia nilitundike, nikalitundika, nikaambiwa limepinda, nikalitundika upya, likapindia upande wa pili. Hivi haya ndiyo maendeleo tuliyokuwa tukiyadai?

2. Umevunja mshikamano wa makabila, wangu mimi Msukuma na Mhaya wangu. Gosbert haji tena kijiweni, anajifungia kwake na gazeti. Nimesikia anaulizia chumba Buswelu, kwa kuwa kule mitaa bado ni mipya na mtaa mpya haukosi hoja. Sasa nani atanibishia? Watoto wangu nikiwapa jambo la kufikiri wananijibu "ndiyo baba" na kuendelea na simu zao. Mtu akiambiwa ndiyo tangu asubuhi mpaka jioni, anakwisha, Mwenyekiti, anakwisha huku anakula vizuri. Nilijaribu kumchokoza Gosbert kwenye lile kundi la mtaa la WhatsApp. Nikaandika kwamba Ukerewe si kisiwa cha maana. Zamani angeshusha ramani nzima pale na kunitukana kistaarabu. Unajua alinijibu nini? Alituma picha ya maua yenye maandishi "Uwe na siku njema." Nililia, sikufichi.

3. Umemaliza hoja. Daraja la Busisi lilipokamilika tulipoteza hoja ya foleni ya kivuko, na hiyo ilikuwa imetulea. Hatukulalamika. Tulisema potelea mbali, bado tuna maji. Na maji ndiyo ilikuwa hoja mama! Hebu fikiria mwenyewe, unaishi juu ya mawe, Ziwa lote unaliona kutoka mlangoni pako, limetandaa mpaka macho yanachoka, halafu bomba linadondosha. Hoja ya namna hiyo huipati Dodoma, huipati Arusha. Gosbert aliieleza kwa miinuko na mikondo, mimi niliieleza kwa uzembe wa viongozi, yaani wewe, na wote tulikuwa na haki. Leo mtu akifungua koki maji yanatoka, hoja imekwisha.

4. Hili lingekuwa la kwanza, ila nilitaka nitulize hasira kabla sijalifikia. Wanawake wamekalia benchi letu! Ubao ule ule! Kwa kuwa hawashuki tena na ndoo, asubuhi zao zimekuwa wazi, na asubuhi ikiwa wazi kuna kitu kitaingia. Alianza Getruda, yule muuza dagaa, akasema anapumzisha miguu. Kesho yake akakaa na mwenzake. Keshokutwa yake nikamwona Teodora, mke wangu wa ndoa, amekaa kwenye ncha yangu, anakunywa kahawa na kuzungumzia mambo ya mtaa.

Sina ugomvi na mwanamke kuzungumza, Mwenyekiti, nisije nikanukuliwa vibaya. Ugomvi wangu ni kwamba wanamaliza. Chukua mfano wa mtaro ulioziba pale kwenye kona. Mtaro ule sisi tumeujadili tangu ubao wa benchi ukiwa bado unanuka samaki. Tulikuwa tumeshafikia hatua nzuri. Kulikuwa na msimamo wangu, msimamo wa Gosbert, na msimamo wa tatu ambao wote wawili tuliupinga. Wanawake hawa wameuzungumza kabla kahawa haijapoa, wakainuka, wakachukua majembe, mtaro ukazibuka. Bila hata mtu mmoja kutoa historia ya mitaro! Ikaja taa ya njia panda. Hiyo wewe mwenyewe ni shahidi, maana walikuja wakakaa mlangoni kwako na dagaa zao mpaka ukampigia fundi simu. Sasa taa inawaka, na wale tuliokuwa tukililalamikia giza tunapita pale tunaona haya.

5. Kutokana na namba nne hapo juu, kuna hatari. Wakiendelea kwa mwendo huu mtaa utaishiwa kero kabisa. Watoto wetu watarithi nini? Watakaa kijiweni wanatazamana. Na wewe, ndugu yangu, hebu jifikirie. Uchaguzi ujao utapanda juu ya lile jiwe uahidi kitu gani? Utasema maji, watasema yapo. Utasema taa, watasema inawaka. Utashuka mwenyewe kimya kimya, na Getruda atapanda. Nakuambia haya kwa sababu nakutakia mema, maana wewe nakujua na nimeshakuzoea.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo. Kwanza, maji yakatwe nyumba zote za mlimani, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili yaweza kutoka, siku hizo tuna misiba na ibada. Pili, bomba la zamani lirudishwe, na fundi aelezwe vizuri kwamba lidondoshe vile vile. Likitoka kwa nguvu halitufai. Tatu, benchi litangazwe kuwa mali ya walinzi wa foleni.

Na kama yote hayo hayawezekani, maana najua kuna wakubwa waliokuja kukata utepe, basi usihangaike na mtaa mzima. Kata kwangu na kwa Gosbert tu. Ndoo mbili nazo ni foleni.

Nisalimie mama watoto, Mtendaji, na mabinti wa ofisini. Yule fundi wa mabomba naye msalimie, ingawa sijamsamehe. Wazee wote wa chini ya mlima waambie Jonathan anawapa mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, wakiwa na ubishi wowote uliobaki wampelekee.

Ni mimi, mwenye maji tele na kiu kali,

Jonathan Masunga
Karani Mstaafu wa Pamba,
Mlinzi wa Foleni (kwa sasa hakuna foleni).

NB: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii nikaifungua tena, na utaniwia radhi kwa bahasha kuchanika. Leo asubuhi fundi amefunga maji ya mlimani ili abadilishe kiungio kinachovuja, akafungua lile bomba la chini kwa muda. Nikajua Mungu ameisoma barua kabla yako. Kwa furaha nikamsomea Teodora yote, tangu salamu mpaka sahihi. Nilitegemea atagomba. Hakugomba. Alikwenda stoo akaniletea ile ndoo ya kitambaa chekundu, akasema ombi zuri linahitaji ushahidi, basi nishuke nayo na nipande nayo mara moja tu, halafu barua niipeleke.

Nikashuka. Gosbert naye alikuwa ameshasikia bomba linadondosha, nikamkuta kwenye ncha yake ya benchi, uso unang'aa, ameshaanza kuniambia kwamba Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwani Afrika. Nilikuwa na la kumjibu, lakini ndoo ilijaa. Kichwani ilinishinda, nikaitia begani, nikaanza kupanda.

Katikati ya mlima, Mwenyekiti, lipo jiwe ambalo nimelipita miaka yote bila kusimama, kwa kuwa mtu asiyebeba kitu hana sababu ya kusimama pale. Juu yake limelainika, duara kiasi cha kitako cha ndoo, kwa jinsi lilivyotuliwa mizigo. Nikatua yangu. Nusu ya maji ilikuwa imeshaingia kwenye shati, na pumzi sikuwa nayo. Nikageuka nitazame Ziwa nipate kujifariji. Ziwa halionekani kutoka pale, limezibwa na mwamba. Kinachoonekana ni benchi letu. Linaonekana lote, ncha mpaka ncha. Na juu yake alikuwepo Gosbert, amekunja nne, kikombe mkononi, ananinyooshea kidole na kunipigia kelele namna sahihi ya kupanda mlima.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza Teodora kama siku zile akipumzika pale alikuwa akituona. Alisema alikuwa akituona na kutusikia, maana sauti inapanda. Alisema siasa yangu kuhusu vita vya ng'ambo ilikuwa nzuri. Akasema mambo ya mtaro na ya taa wenzake na yeye walishayamaliza pale pale jiweni zamani, wakitua na kutwishana, ila walikuwa hawana nafasi ya kwenda kuyafanya. Kisha akaniletea shati kavu.

Kwa hiyo barua hii isifanyiwe kazi. Maji yaachwe yatoke siku zote saba, na fundi amalize kiungio chake upesi. Naomba tu kibali cha kuongeza ubao kwenye benchi, maana sasa tumekuwa wengi. Gosbert nimemshusha kutoka ncha yake ili wengine wapate nafasi, hahamii tena Buswelu, na ameanza kunibishia kuhusu aina ya mbao. Ubao upo ufukweni, na nitaubeba mwenyewe.