Majaji Waliosema Mke Wangu Haaminiki

Ndugu Mwenyekiti wa Mashindano ya Miswada ya Filamu,

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda, kwa mwandiko wangu unaotetemeka, na kwa yale yatakayofuata. Walimu wangu wa misheni walinifundisha kuomba radhi mapema, ili baadaye mtu aseme kwa uhuru.

Mswada wangu, unaosimulia maisha ya marehemu mke wangu, umerudishwa. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza jaji mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mke huyu hana kosa hata moja. Haaminiki." Wenzake wawili wametia saini. Ndugu Mwenyekiti, niliishi na mwanamke huyo tangu kichwa changu kina nywele. Niliyasoma maneno hayo mbele ya picha yake, nikaona haya kwa ajili yenu.

Kwa unyenyekevu, basi, nauliza kuhusu sifa za majaji.

1. Tangazo lenu lasema mmoja ni mwongozaji wa filamu, wa pili mhadhiri, wa tatu ameshinda tuzo ng'ambo. Halisemi kama yumo aliyeoa au kuolewa. Bomba likipasuka hatumwiti aliyesomea habari za mito.

2. Wameandika kwamba hakuna mke asiyegomba. Wangu hakugomba. Alikuwa akimrekebisha msoma habari wa redio, kila jioni, kwa sauti, na msoma habari hakuwahi kumjibu, jambo linaloonyesha nani alikuwa na haki. Alimrekebisha vivyo hivyo fundi cherehani, daktari wa meno na, katikati ya mahubiri, askofu.

3. Wameandika kwamba subira yake imezidi. Siku nilipoingia na viatu vya tope sebuleni, naye ametoka kupiga deki, hakutamka neno. Alinitoa, akafunga mlango, akanipa nafasi ya kutafakari uani mpaka mvua ilipokatika. Mwenye hasira angepiga kelele.

4. Kwa hiyo napendekeza kila jaji afanyiwe mtihani jikoni kwangu. Atafute chumvi. Marehemu aliiweka katika kopo lililoandikwa majani ya chai, na majani katika kopo la sukari, kwa utaratibu alioujua mwenyewe. Mimi hata leo naikoroga chai yangu huku nikisali.

5. Nikizidi kupima, naona hata mtihani huo hautoshi. Jaji wa haki awe amemjua marehemu tangu utotoni, awe amelala naye chumba kimoja, na sauti zao zifanane. Duniani yupo mmoja tu: shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja. Naomba majaji wote watatu waondolewe, awekwe yeye. Nimemwita leo aje ausome mswada, mpate kuona uamuzi wa mtu mwenye sifa.

Salamu zangu kwa kamati nzima, kwa katibu wako aliyenivumilia kwenye simu, kwa bawabu, na kwa majaji wenyewe, ambao sina kinyongo nao, kwani kosa ni la malezi.

Nabaki mwenye heshima isiyopungua malalamiko yangu,

Karani Mstaafu, mgane.

Baada ya kutia saini: Shemeji amefika kabla sijafunga bahasha. Alianza kusoma amesimama, akaketi, akacheka mpaka akavua miwani. "Shemeji, huyu malaika umemtoa wapi? Ndiye dada huyu? Si ndiye aliyekufungia nje na mvua, ukagonga mpaka majirani wakakuombea msamaha? Mbona umemzika mara ya pili?" Nilijaribu kumweleza habari za kutafakari. Akazidi kucheka, kwa sauti ileile, nami nikajikuta nacheka, jambo ambalo sijalifanya tangu msiba.

Naomba majaji wote wabaki, tena wapewe chai. Shemeji ameisoma na barua hii, anasema dada yake yumo humu, si kule kwenye mswada. Tafadhali ipokeeni kama mswada mpya, mbele ya majaji walewale. Anasema tu kwamba sehemu ya askofu nimeifupisha mno.