Kopi ya Sidii Nyeusi

Jumatatu, 17 Mei 2004

Aibu! Aibu mbele ya nusu ya Kibiti! Nusu fainali ya Kombe la Banda la Mshamu, banda langu la gemu limejaa mpaka madirishani. Huseni kinyozi anaongoza kwa bao moja. Dakika ya themanini, krosi imetiwa, mchezaji kapaa kupiga kichwa. Akabaki huko huko hewani. Televisheni imeganda. Watu wakasubiri ashuke. Hakushuka.

Nimeitoa sidii, nimeipuliza, nimeifuta kwa shati, nimeirudisha. Ikaganda tena. Mwishowe ushindi tumempa Huseni kwa kunyoosha mikono, na aliyeshindwa kaondoka akinitolea maneno ambayo siyaandiki humu.

Sidii yenyewe si ya mchezo. Ni ya asili, nyeusi tii upande wa chini, si hizi kopi za rangi ya fedha zinazouzwa Kariakoo. Gemu la zamani la mpira. Wateja wangu wote wamejifunzia hilo na hawataki jingine. Mapya yapo, anayo Badru, lakini wanasema wachezaji wa humo wanakimbia kama wamekunywa gongo.

Badru! Huyu alikuwa akiuza chai kwenye foleni ya pantoni pale Ndundu. Likaja daraja, foleni ikafa, chai ikafa. Tanzania yote hii, na yeye hakuona pa kwenda ila Kibiti. Kaja na mabenchi yake ya chai, kanunua televisheni, kafungua banda la gemu linalotazamana na langu. Leo jambo lilipotokea alikuwa amesimama mlangoni kwake akichokonoa meno. Heri angesema.

Fainali ni Jumamosi, Huseni na Abdulkarimu muuza samaki. Ikiganda tena, wateja wote wanavuka barabara na hawarudi. Na mama mkwe atapata alichokuwa akikingoja tangu nimwoe Salima. Bi Mwanahawa hajawahi kukubali kwamba gemu ni kazi. Akiulizwa mkwe wake anafanya nini, anajibu kwamba bado anatafuta.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na kulia. Sidii inakufa. Basi nitaitoa kopi kabla haijakata roho. Mashine yangu ilitiwa chipu, inasoma kopi bila ubishi.

Jumanne, 18 Mei

Kwa Nasra asubuhi. Nasra anachapa barua, anatoa fotokopi, na ana kompyuta inayoandika sidii. Ana ulimi pia. Kaniambia kopi sahihi haitaki haraka: isomwe polepole, yote, gemu na nyimbo na kelele za mashabiki, hata sehemu ambazo hazina kitu. Nikamuuliza sehemu isiyo na kitu tunaikopi ya nini. Kanijibu kwamba ndiyo maana inaitwa kopi.

Nikamwambia aende haraka tu, mambo mengine ya kitaalamu tutayaona baadaye. Kanitazama juu ya miwani. Kaenda haraka.

Nimekimbia nayo bandani. Gemu limefunguka! Nikapiga kelele za furaha. Halafu nikagundua kwamba kelele ni zangu peke yangu. Uwanja kimya. Mashabiki wamekaa kama wako msibani. Bao likaingia, hakuna hata aliyekohoa. Nyimbo hakuna, mtangazaji hakuna. Abdulkarimu kasema yeye hachezi fainali makaburini.

Nimerudi kwa Nasra kulalamika. Kaanza nyingine, polepole mara hii. Tulipofika katikati jenereta ikazimika. Nikamwambia si aendelee pale ilipoishia? Kasema sidii si kitambaa cha kudarizi. Hiyo nayo imeharibika. Nimeondoka na kopi mbili, moja bubu na moja nusu.

Badru kaniuliza kwa mbali sidii yangu inaendeleaje. Nimesema inaendelea vizuri sana.

Jumatano, 19 Mei

Siku ya ushindi! Ila asubuhi ilikuwa mateso.

Nilisikia kwamba mikwaruzo inaondoka kwa dawa ya meno. Nikaisugua sidii nyeusi vizuri. Kisha mafuta ya nazi, ing'ae. Nasra alipoipokea iliteleza mikononi ikaenda chini ya meza. Kaiosha kwa maji na sabuni bila kuniuliza, huku akisema mambo kuhusu akili yangu.

Kumbe ana utaratibu wake. Anaisoma sidii mara mbili, na kila mara kompyuta inatoa namba ndefu. Namba zikilingana, imesomwa sawasawa, hakuna hata chembe iliyopotea. Zikitofautiana, kuna uchafu au mkwaruzo umeidanganya. Za kwanza zilitofautiana. Nikasema aandike tu, tofauti yenyewe ndogo. Kakataa. Kaiosha tena. Kasoma tena. Mpaka adhuhuri nimekaa kwenye kigoda nikichungulia namba, na mimi hesabu zilinishinda shule.

Zikalingana! Zote, mwanzo hadi mwisho! Nasra kaandika kopi, kisha kaisoma kopi yenyewe, nayo ikatoa namba ile ile. Nakiri, nilisisimka. Kitu kilichotengenezwa mbali huko kimepata pacha hapa Kibiti.

Nasra akaharibu furaha kwa neno moja. "Mshamu, sidii yako nzima. Mgonjwa ni mashine. Jicho lake la kusomea sidii limechoka, likipata joto halioni. Likague kabla hujafanya lolote."

Wanawake na uoga. Mwenye mashine ni nani?

Sasa sikiliza, ewe shajara, maana haya siwezi kumwambia mtu. Ikiwa kopi ni sawa na asili, basi asili ya nini? Na tena asili inayokufa! Nimevuka barabara moja kwa moja. Nimemwambia Badru kwa upole kwamba namhurumia, jirani ni jirani, nipo tayari kumwachia sidii nyeusi kwa benchi lake refu kuliko yote. Fainali inataka viti. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Maskini! Kapokea maiti, kalipa benchi.

Likabaki suala la ulinzi. Badru akijua nina kopi safi atatuma mtu aiibe. Kwa hiyo kopi safi nimeiandika kwa kalamu nene MBOVU. Zile bubu na nusu nimeziandika NZIMA. Mwizi atachukua NZIMA. Nani anaiba kitu kibovu? Nimeziweka zote nyumbani juu ya kabati.

Jioni tukapata mgeni, Bi Mwanahawa mwenyewe, katoka kijijini kwake Mbuchi kung'oa jino. Nimemwamkia kwa adabu zote, macho chini, nikakaa kando kama inavyotakiwa. Kaulizia vile vinavyong'aa juu ya kabati. Na wakati huo huo nani yupo mlangoni na benchi kichwani? Badru. Masikio kayasimamisha. Ningefanya nini? Nikasema kwa sauti ya kusikika: ile iliyoandikwa mbovu ni takataka tu, mama.

Badru kaweka benchi, kaondoka. Hakushuku hata kidogo.

Alhamisi, 20 Mei

Juu ya kabati kuna sidii mbili. Zote NZIMA.

Nimemuuliza Salima. Kasema mama yake kaondoka alfajiri, na kwa kuwa kule Mbuchi mpunga umeanza kuiva na ndege wanamaliza shamba, yeye kampa ile takataka akaitundike imulike na kutisha ndege. Kisha akaniambia kwa upole, akingoja shukrani: "Zile nzima sikuzigusa, mume wangu. Nimekutunzia."

Nimekaa kwenye benchi langu jipya. Benchi refu sana. Benchi ninalo, gemu sina.

Nasra nimemwendea. Kasema atanitolea nyingine, nilete tu sidii nyeusi. Nikamwambia iko kwa Badru. Kacheka mpaka mteja wake wa fotokopi naye akacheka bila kujua sababu.

Kumwomba Badru? Nife kwanza. Kumtuma Salima akaichukue kwa mama yake? Amekataa kabisa. Kitu alichopewa mkwe hakirudishwi, kasema, hata kiwe kijiko. Ukoo mzima wangesikia. Na anasema kweli, ndilo linalokera.

Basi nakwenda mwenyewe. Sitaomba. Nitabadilisha. Nimetia mfukoni ile bubu. Zinafanana kwa sura, na ndege hawana haja na kelele za mashabiki.

Ijumaa, 21 Mei

Mbuchi. Gari la usiku mpaka linapokwama, kisha mtumbwi katikati ya mikoko, matope mpaka magotini. Nimefika nimefanana na kamba wa majini.

Bi Mwanahawa kaniuliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kumsaidia kuamia ndege. Nilikuwa na maana ya dakika chache. Yeye kalichukua neno kama lilivyo. Nimepandishwa kwenye dungu, kile kichanja cha mlinzi wa shamba, nikapewa kopo la mawe na kamba za kuvuta, na huko nimeshinda kutwa nikipiga kelele kama mwendawazimu. Ndege wakitua kulia, navuta. Wakitua kushoto, napiga kopo. Sauti imenikauka.

Na sidii yangu? Katikati ya shamba, juu ya mti mrefu, inazunguka na kumulika kila upande. Upande ule ndege hawagusi! Majirani wamekuja kuitazama. Mama mkwe anawaambia katumiwa na mkwe wake wa Kibiti, mtaalamu wa mambo hayo. Mimi! Mtaalamu! Yeye mwenyewe aliyekuwa akisema bado natafuta!

Alasiri nikajitia naenda kukaza kamba. Nimepanda ule mti, nimeshusha kopi safi, nimetundika bubu. Nilipogeuka, mama mkwe kasimama chini. Moyo ukasimama pia.

"Mkwe wangu," kaniambia, "leo nimekuona ni mtu wa kazi."

Sijui kwa nini, lakini macho yalinilenga machozi. Labda matope. Nilitaka kusema kitu, nikaamkia tena badala yake, na shikamoo nilikwishampa asubuhi.

Jumamosi, 22 Mei

Mama mkwe alinipikia samaki kwa wali mpya wa kuonja. Ningeondoka mapema ningewahi maji. Lakini unakataaje chakula cha mkwe, siku ya kwanza kukuona mtu? Nikala. Nikaongezewa. Nikala tena. Tulipoingia mtoni maji yalikuwa yanatoka, mtumbwi ukakaa kwenye tope kama umejengwa. Mwenye mtumbwi kalala. Nikamuuliza tufanye nini. Kasema maji yakirudi tutakwenda. Nikamuuliza yanarudi lini. Kasema yakitaka. Mimi nimekaa na fainali mfukoni, natazamana na kaa.

Kibiti nimefika jioni. Banda langu limefungwa. Ng'ambo ya barabara kelele! Fainali wanaicheza kwa Badru. Kwa sidii nyeusi. Ile maiti! Inacheza bila kuganda! Badru kaipindua mashine yake, tumbo juu, anasema ikilala hivyo jicho halichoki. Watu wamekaa kwenye benchi refu. Nimelitazama vizuri. Benchi langu! Salima aliwaazima, maana watu walikuwa wengi na mimi sipo.

Abdulkarimu kashinda bao mbili kwa moja. Mashabiki wa gemu walishangilia, kila mmoja na sauti yake. Nimetazama nimesimama. Benchi lilijaa.

Jumapili, 23 Mei

Lakini kopi ninayo! Safi, sahihi, namba na namba. Nimemwita Huseni tucheze, aone kwamba Banda la Mshamu halijafa. Nyimbo zipo! Mtangazaji yupo! Mashabiki wanaimba! Watu wawili watatu wakavuka barabara wakaja kuchungulia.

Dakika ya themanini, ikaganda.

Pale pale! Mchezaji hewani! Watu wakavuka barabara kurudi.

Nimeelewa sasa. Nasra kakopi kila kitu, na ugonjwa kaukopi! Nilimwambia mimi, haraka haraka tu, yeye na usahihi wake. Nimemwendea kumweleza. Hakubishana. Kaniambia nikasafishe jicho la mashine, au nikishindwa niipindue kama Badru. Niipindue kama Badru! Mimi! Nimwige muuza chai! Nimemwambia Jumatatu nataka kopi nyingine kutoka kwenye hii, isiyo sahihi sana, hasa kuanzia dakika ya sabini na tisa. Kainamia barua zake akaendelea kuchapa.

Hii ya sasa lazima ilindwe vizuri zaidi mpaka kesho, maana Badru kaniona nikiingia kwa Nasra. Nimeiandika upya: MBOVU KABISA. Nimeiweka juu ya kabati.

Salima kaleta salamu. Mama yake kafurahi mno na safari yangu. Anakuja tena, jino jingine, analala hapa leo. Anaulizia kama imebaki sidii yoyote ya kutupa, ndege wamehamia upande wa pili wa shamba. Nikasikia Badru anapita dirishani na mluzi wake. Nikajibu kwa sauti kwamba hapa hakuna kitu cha maana, ila takataka moja tu iko juu ya kabati.