Unga wa Mizizi Fasta

Gadiel alikuwa akipita Njiro na pikipiki yake alipoona nyumba mpya, geti wazi, na ndani yake uwanja mtupu wa udongo. Mtu mwingine angeona vumbi. Gadiel aliona mama mmoja wa makamo amesimama katikati ya vumbi hilo, mikono kiunoni, akiutazama uzio wa kijani wa jirani kama mtu aliyedhulumiwa mirathi.

Alasiri alirudi na kreti mbili zenye viriba arobaini, vile vifuko vya plastiki vya miche, vimejaa udongo. Katika kila kiriba alikuwa amechomeka tawi la saipresi, bichi na limenyooka. Matawi hayo aliyakata mchana uleule kwenye uzio wa watu huko Kijenge, bila kuwasumbua wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mtaalamu Gadiel, wa miti isiyopukutisha majani. Nimepita asubuhi, nikaona huu ukuta unalia."

Mama huyo aliitwa Vaileth. Alikizunguka kiriba kimoja, akaligusa tawi pale lilipoingia udongoni.

"Nataka inizibe upesi," alisema. "Jirani anaona mpaka ninachokula."

"Hapo umefika. Ila usiibananishe. Saipresi akibanwa anaota kipara kwa ndani. Na mizizi uitandazie majani makavu, jua lisiipige."

Yote hayo yalikuwa kweli. Gadiel alikuwa mwangalifu katika kazi yake. Uongo mmoja aliuzungushia ukweli mwingi, ukapata kivuli. Uongo wenyewe ulikuwa ndani ya makopo mawili: unga wa kijivu aliouita Mizizi Fasta, kijiko kimoja kila shina. Yalikuwa majivu ya mama ntilie mmoja wa Levolosi, yaliyochanganywa na chaki ya kijani ili yapate heshima.

Mama Vaileth alinunua kila kitu bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo lingepaswa kumtia Gadiel wasiwasi.

"Ikishika," alimwambia akimsindikiza getini, "dada yangu naye anataka mia mbili. Pita baada ya miezi miwili uone."

Gadiel alikuwa na sheria ya kutorudi kwenye mtaa aliokwisha kuuhudumia. Lakini mia mbili ni mia mbili. Miezi miwili ilipotimia alipita Njiro, kofia ya pikipiki kichwani na kioo kimeshushwa, achungulie tu.

Kando ya ukuta mzima ilisimama misaipresi inayomfika mtu kifuani, imeshiba, kijani mpaka chini.

Alizima pikipiki. Kwa miaka tisa alikuwa amewadanganya watu wa Arusha kwa uaminifu mkubwa, na hata siku moja uongo wake haukuwa umeota. Alivua kofia, akaingia.

"Umefanyaje mama?"

"Kama ulivyoniagiza. Kijiko kimoja kila shina."

"Unga umebaki?"

"Kopo moja. Ila namwekea dada. Kwani wewe si ndiye mwenye kuutengeneza?"

"Kiwanda kimesimama," alisema Gadiel, na safari hii hakuwa mbali na ukweli. Mama ntilie wa Levolosi alikuwa amehamia kwenye gesi, na hakuna aliyejua majivu ya siku ile yalikuwa ya kuni gani.

"Pole, baba. Basi hilo kopo ndilo la mwisho."

"Niuzie. Taja chochote."

Mama Vaileth alitazama chini kwa haya, halafu akatazama pikipiki.

Waliandikiana palepale, mezani, baada ya chai. Gadiel alipanda bajaji kurudi mjini, kopo amelipakata mapajani, akiwasikitikia watu wasioona mbali.

Alikodi kipande cha ardhi Kijenge, kando ya barabara. Akachomeka matawi mia tatu, akayapimia unga kwa kijiko cha chai. Wiki ya kwanza yalikuwa mabichi. Wiki ya pili yakawa na rangi ya mtu anayeumwa. Ya tatu, mwanamke mmoja alisimamisha gari kuuliza kama kuni hizo zinauzwa.

Gadiel aling'oa tawi moja, akapanda kwa miguu hadi kwenye kitalu cha mzee Elisaria, njia ya kuelekea mlimani.

Mzee alilipindua, akalitazama kitakoni. "Hili halina mzizi."

"Limewekewa dawa. Kuna mama Njiro, Vaileth, yake imefika kifuani."

"Vaileth namfahamu. Kwao Poli, amekuza miche ya kahawa miaka arobaini. Hiyo mikubwa alinunua hapa kwangu mwezi wa pili, arobaini kamili. Nikamwambia chukua midogo, ni nafuu. Akakataa, akasema kuna mgeni wake atapita, anataka aikute imependeza."

Gadiel aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakumkasirikia yule mama. Alichosikia kilikuwa karibu zaidi na wivu.

"Sasa mzee," aliuliza mwishowe kwa sauti ya chini, "dawa yenyewe ya kweli ni ipi?"

"Mche wenye mizizi. Halafu maji, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Palizi. Samadi iliyooza vizuri. Ukikosa siku mbili za kiangazi, unaanza upya."

Gadiel aliitafakari dawa hiyo kwa makini, akaigeuza upande huu na upande ule, akaona kwamba ilikuwa kazi. Akamshukuru mzee, akashuka kwa miguu kuelekea mjini.