Mche Mmoja Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 14 Julai
Baridi, mawingu mazito, manyunyu hadi saa tatu. Mche: sentimita kumi na moja, majani manane. Umeinama kuelekea mlangoni kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Uko nyuma ya pazia la kitanda, na chumba hakina dirisha. Siulaumu.

Daftari hili hakuna anayelisoma, kwa hivyo niandike ukweli: ni bangi. Mbegu nilipewa na binamu yangu Kimanzi wa Kawangware, ambaye mche wake umemfika kiunoni. Alinicheka. Ati hata sukuma wiki niliyoipanda kwenye gunia ilinifia, hii nitaizika kabla ya Ijumaa. Nikamkumbusha kwamba nilipata C+ ya Kilimo kidato cha nne. Akauliza kama mche umeonyeshwa hicho cheti.

Mimi hata sivuti. Nataka tu wangu uupite wake.

Hatari ni moja. Mwenye nyumba wangu, Mama Haroun, aliniambia siku niliyohamia hapa kijiji cha Raila, Kibera: kodi ikichelewa atavumilia, redio ya kelele atavumilia, lakini bangi, unatoka siku hiyo hiyo na kitanda kinakufuata. Nimekaa kwake miaka sita. Chumba kingine cha bei hii kisichovuja sijakiona Kibera nzima.

Jumanne, 15 Julai
Baridi. Mche: kumi na moja, haujasonga.

Tatizo ni udongo. Huu wa mlangoni ni majivu na mifuko ya plastiki. Nikaenda na ndoo hadi kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, penye maua yaliyotunzwa. Bawabu, Mutuku, akanikuta nimepiga magoti na kijiko. Nikasema ni udongo wa kanisa. Kanisa linataka udongo wa nini? Wa kupandia mti wa ukumbusho. Akavua kofia, akauliza nani ametuacha. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikamtaja mzee Kaloki, ambaye ni mzima kabisa na jana alininunulia chai. Mutuku akanijazia ndoo, akanibebea hadi barabarani, akaniagiza nimfikishie mjane pole zake.

Nyumbani nikachekecha. Nimepata vifuniko vitatu vya soda na mswaki.

Jumatano, 16 Julai
Ukungu. Mche: kumi na moja na nusu. Udongo unafanya kazi! Sasa mbolea.

Nilileta samadi ya kuku kutoka Kawangware, mbichi, bado ina joto. Muuzaji alisema ikae miezi miwili kwanza, halafu kijiko kimoja. Mimi nina hadi Ijumaa. Nikaweka vijiko vitano. Kufikia jioni ncha za majani zilikuwa kahawia kama chapati iliyosahauliwa. Sasa nakumbuka ile C+ ilitoka wapi.

Harufu imejaa ploti nzima. Jirani yangu Akoth, ambaye tangu Januari huanika dagaa wa omena mbele ya mlango wangu, amekuja kulalamika kuhusu harufu. Ameuliza nimeficha maiti ya nani.

Alhamisi, 17 Julai
Baridi zaidi. Mche: haupimiki, umekunja shingo. Nimeamua ni ukosefu wa mwanga.

Umeme uko ndani ya kodi, kwa hivyo sikujibana. Balbu kubwa ya manjano, katoni, na pakiti za krispi zilizogeuzwa upande unaong'aa. Inawaka usiku na mchana. Sikufikiria matundu ya misumari kwenye mabati. Akoth anasema chumba changu kinaonekana kama chujio lililomeza jua. Halafu akasogea mlangoni. Akanusa. Akatazama mwanga chini ya mlango. "Wewe Ndanu, si ungesema tu unalea vifaranga?"

Balbu, katoni, mavi ya kuku. Kila kitu kililingana. Nikasema ndiyo. Ni uongo bora kuliko wowote niliowahi kutunga, na huu nimepewa bure.

Ijumaa, 18 Julai
Manyunyu. Mche uko hai, Kimanzi ameshindwa. Sikupata hata nafasi ya kufurahi.

Habari ilimfikia Mama Haroun kabla uji wangu haujapoa. Nilidhani amekuja kwa ajili ya umeme. Wapi. Mpwa wake Fahima anaolewa Desemba, anataka kuku kumi, na afadhali awanunue kwa mtu wa ploti kuliko kwa wale wezi wa sokoni. Atakuja kuwaona Jumapili baada ya adhuhuri. Akaweka sikio mlangoni. Mbona hawalii? Nikasema wamelala. Wote? Nikasema ni vifaranga wenye adabu.

Jumamosi, 19 Julai
Mawingu. Kawangware tena. Vifaranga kumi na wawili, wa wiki tatu, wasio na adabu yoyote.

Kimanzi aliniona nimebeba boksi linalopiga kelele, akauliza mche ukoje. Nikasema umefika gotini. Hakuuliza goti la nani.

Soketi ni moja, balbu moja, katoni moja. Nikawaweka pamoja: debe la mche pembeni, vifaranga katikati. Nikaandika ratiba ya maji ya wote kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani. Nikajiona afisa wa kilimo.

Jumapili, 20 Julai
Jua, mara ya kwanza wiki hii. Nilikuwa kanisani hadi saa saba. Mche: sentimita nne. Majani: hakuna. Vifaranga wameshiba, wameegemeana, macho nusu wazi.

Sijavua hata viatu, Mama Haroun huyo mlangoni. Akawatazama sana. Akasema tangu azaliwe hajaona vifaranga watulivu hivi. Kisha akaona kijiti kwenye debe, akakishika kwa vidole viwili. Hii nayo ni nini? Nikasema mboga ya kuku, ya kwetu Kitui. Akainama, akanusa. Mimi nilishaanza kupanga moyoni nitabeba nini kwanza: cherehani, jiko, halafu kitanda.

Akainuka. Akasema kama ndiyo inayowatuliza hivi, nipande nyingi, huku gizani naitesa tu. Amenipa stoo yake, ile iliyopakana na chumba anacholala, yenye dirisha la mashariki. Ameahidi atainyunyizia maji mwenyewe kila alfajiri, akimaliza kuswali.

Mtu mwenye akili angeshukuru akapande mchicha. Nimelifikiria hilo kwa dakika nzima, nikitazama saa. Lakini dirisha la mashariki! Kimanzi hana.

Kesho nafuata mbegu nne. Nalala saa nne kasoro robo.