Ubao wa Mzee Badawy na Kifungu cha Kumi na Nne

Jumatatu, 7 Aprili 1997
Sijawahi kumwambia mtu: mimi husoma sheria ndogo za baraza la mji kwa raha, kama wenzangu wanavyosoma hadithi za mapenzi. Leo zimenifaa. Mzee Badawy, mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, ametundika ubao wa taa nyekundu ambao maandishi yake yanatembea: BIRIANI KWA BADAWY. Katika mtaa wetu wa zamani wa stesheni, wenye veranda za enzi za Wahindi wa reli! Wateja wote wamevuka. Mama amebaki na sufuria ya kimanga, mihogo yetu ya kuponda na maharagwe, na mimi. Anasema hali ikiendelea hivi anafunga hoteli yetu, turudi kijijini Kasigau tukafukuze tembo shambani. Kasigau hakuna maktaba.

Jumanne, 8 Aprili
Kifungu cha kumi na nne! Taa nyekundu ya biashara isielekee reli. Ya Badawy inaelekea reli kabisa. Nimeenda barazani kumnong'oneza Bwana Kimeu, afisa wa mipango. Akaniuliza, kwa sauti ya mhubiri wa sokoni, kama nimekuja kumshtaki Mzee Badawy. Foleni nzima ikageuka. Wa tatu kwenye foleni: Faiza, binti Badawy. Nilitazama viatu vyangu. Vinahitaji rangi.

Jumatano, 9 Aprili
Kimeu amekuja na ngazi. Ameamuru ubao ugeuzwe. Umegeuzwa. Sasa unatazama kwetu! Kifungu hakisemi ugeuziwe wapi. Halafu akaona balbu ya veranda yetu haina kibali. Imezimwa. Mama akauliza ni nani aliyemwita mtu huyu. Nikaingia jikoni kuosha sahani safi.
Jioni Faiza, ambaye ndiye mwandishi wa ubao, alibadilisha maneno: ASANTE TITUS KWA KUTUSHTAKI. Yakatembea. Yakarudi. Mama anajua kusoma, bahati mbaya.

Ijumaa, 11 Aprili
Ajabu! Ubao unasomeka vizuri zaidi kwa mtu aliyeketi verandani kwetu. Mtaa mzima wa Kaloleni umehamia hapa kuona Faiza ataniandika nini leo. (TITUS, VIATU VIMEPATA RANGI?) Mama ametangaza kwamba haketi mtu bila kuagiza. Kimanga kimekwisha kabla ya saa mbili. Mzee Badawy alivuka kulalamika kwamba yeye analipa stima na Bi Tryphena, yaani Mama, anauza chai. Mama akamwomba aongeze mwanga kidogo, wa meza ya nyuma hawaoni sahani zao. Baadaye akaniambia tunabaki Voi, ila nisiguse kitu chochote tena.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimefikiri sana. Kifungu kimoja kimejaza veranda. Viwili je? Cha kumi na tano kiko wazi: taa ya biashara isimulike jengo la jirani.
Nimepaka viatu rangi. Nimeenda barazani. Safari hii nimesema kwa sauti. Bwana Kimeu amenisifu, akasema kesho anakuja kuung'oa ubao wote.