Dafrao Nne na Moshi Wake

Jumatatu, 6 Juni 1966
Nahodha Abdille anastaafu! Jumamosi Bwana DC atakuja kukagua mashua ya serikali ya hapa Garissa na kumteua nahodha mpya. Tuko wawili: mimi Yarow, na Salat, yule anayetabasamu hata akikanyagwa. Lazima niwe mimi. Mzee Bulle amesema wazi kwamba binti yake Maryan hamwozi msugua mashua. Nahodha, labda.

Abdille ametugawia dafrao, ile mito ya turubai inayoning'inia ubavuni mashua isigonge gati. Nne zangu, nne za Salat. Nyeusi tii! Tope la Tana na grisi ya miaka. Atakayezing'arisha ndiye atakayesifiwa kwa DC.

Jumanne, 7 Juni
Sabuni, mchanga, jivu. Wapi! Uchafu umeng'ang'ania kama kupe kwa ngamia. Salat anasugua polepole kwa mafuta ya taa, anapiga mluzi. Nikamuuliza kwa upole siri yake. Akasema ni mkono. Mshenzi!

Jumatano, 8 Juni
Wallahi nimepata! Asubuhi mama alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa. Kijinga cha moto ndani, moshi, kibuyu safi. Kama moto unasafisha kibuyu, turubai litanishinda vipi? Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Salat alipokwenda kuswali adhuhuri, nikaloweka dafrao zangu katika mafuta yake ya taa. Kesho moshi.

Alhamisi, 9 Juni
Moshi ulikuwa mzuri. Kwa dakika moja. Kisha dafrao ya kwanza ikashika moto, ikawasha ya pili, na zote nne zikateketea. Jeshi likadhani mashifta, wale waasi wa msituni, wanapeana ishara. Malori mawili ya askari! Nikalala kifudifudi topeni, nikatoa shahada. Siku hizi mtu hupotea kwa jambo dogo kuliko hilo. Niliogopa, sitadanganya. Sajini akauliza nampa nani ishara. Nikamweleza habari ya vibuyu. Akawaita wenzake, akaniamuru nirudie. Walicheka mpaka mmoja akaangusha bunduki. Salat ndiye aliyekuja kunidhamini kwamba mimi ni mtu wa serikali. Sitamsamehe.

Jumamosi, 11 Juni
Nahodha ni Salat. Dafrao zake nyeupe pee! Mzee Bulle keshamwalika chai. Maryan alinipita bila salamu, na moyo unaniuma, basi tu. Mimi nimepewa adhabu ya kusugua dafrao sita za mashua ya jeshi.

Lakini nimefikiri sana. Moto haukuwa na kosa. Kosa ni kufanyia kazi uwanjani, kila mwenye macho akaona moshi. Kesho nafukizia ndani, mlango nimeufunga, kwenye stoo ya petroli.